Kupumzika kabisa au kukimbia kidogo? Uzi wa wakimbiaji wenye kazi, familia na foleni

#1 Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari zenu.

Kila mwaka ikifika Novemba, watu wakishajisajili Kilimanjaro Marathon, makundi ya WhatsApp ya wakimbiaji yanajaa picha za saa. Kilomita 8 jana, 8 leo, kesho 8 tena. Ikifika katikati ya Januari walewale wanauliza dawa ya kuchua ugoko, na wengine wamenyamaza kabisa. Najitolea kuwaongoza wanaojiandaa na 21 (kilomita 21, nusu marathoni) upande wa Toure Drive na daraja la Tanzanite, na kinachowaangusha wengi si uvivu. Ni kwamba siku zao zote zinafanana. Siku ya kasi hawana nguvu ya kwenda kasi, siku ya taratibu hawana subira ya kwenda taratibu, basi kila siku wanakimbia mwendo uleule wa katikati, unaochosha bila kujenga.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kati ya siku mbili ngumu nipumzike kabisa, au nikimbie kidogo ili mwili usilale? Jibu langu, na nitalitetea hapa: kama unakimbia siku tatu au nne kwa wiki, pumzika. Mbio nyepesi ziingie baadaye, moja moja, na ziingie tu kama ni nyepesi kweli.

Sababu iko mwilini. Mazoezi yenyewe hayajengi kitu siku ile. Yanaharibu kidogo, halafu mwili unajenga ukishakula na kulala. Na kila sehemu ina muda wake. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli (glaikojeni) unajaa tena ndani ya siku moja hivi, kama umekula vya kutosha. Misuli iliyochanika vidogo vidogo huhitaji siku mbili tatu. Kano nazo, baada ya zoezi zito, kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo nyuzi zake zinavunjwa kuliko zinavyotengenezwa, ndipo mambo yanageuka. Mfupa ndio wa mwisho kabisa: seli zinaondoa kwanza mfupa wa zamani, na mpya unachukua miezi kadhaa kukomaa. Ndiyo maana wiki ya tatu pumzi imekaa vizuri, mtu anaona amefika, na wiki ya tano ugoko unaanza kuuma. Moyo na mapafu vimetangulia, mifupa bado iko njiani.

Najua kuna atakayesema mbona Wakenya wanakimbia kila siku, tena asubuhi na jioni. Ni kweli. Lakini tazameni tofauti ya mwendo. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa 2:01:09, yaani wastani wa dakika 2:52 kwa kilomita. Mbio zake nyepesi kule kambini Kaptagat huanza kwenye dakika 5 hivi kwa kilomita, kundi zima linajikokota gizani. Sasa chukua mkimbiaji wetu wa kawaida anayemaliza 21 kwa saa 2. Mwendo wake wa mashindano ni 5:41. Anaamka Jumatano, anakimbia kwa 6:00, anaandika "nyepesi". Tofauti ni sekunde 19! Kwa mtu huyo nyepesi inaanzia 6:50 na kuendelea, na siku ya joto la Dar hata 7:30 ni sawa.

Halafu kuna kinachofuata baada ya mbio. Mkimbiaji wa kambini akimaliza anakunywa chai, anakula, analala mchana. Sisi tukimaliza tunaoga haraka na kusimama kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, tukishikilia bomba, kisha kazi masaa tisa, kisha kurudi. Miguu ile haijapumzika hata kama saa ya mkononi inasema leo hukukimbia.

Karibuni tujadiliane. Mwenye uzoefu tofauti aulete.

#2 Mchangiaji, Tabora

Mkuu mleta mada, nakuheshimu ila hapa naona tunadekezana. Sisi tulipita JKT. Tulikimbia kila asubuhi, mvua jua, na hakuna aliyekufa. Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, unadhani alifika pale kwa kupumzika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa? Mwili unazoea. Ukiupa nafasi unalegea.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Tabora, hoja yako nzito, nitaijibu yote.

JKT kwanza. Mlikuwa na miaka 18, 20. Mlikimbia kwa mwendo wa kundi, si wa yule mwenye kasi kuliko wote. Mlilala kwa filimbi na kuamka kwa filimbi. Baba wa miaka 42 anayelala saa sita usiku kwa sababu ya hesabu za duka hawezi kulinganishwa na kijana yule. Na bila shaka unawakumbuka waliokuwa wanachechemea kwenda zahanati ya kambi, walikuwepo.

Simbu sasa. Tokyo alimaliza kwa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros akapewa muda huohuo. Waliachana kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 alikuwa na miguu ya kukimbilia mita za mwisho. Shaba yake ya dunia aliipata London 2017. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane ya mwili uliodumu kwenye kazi ngumu kabisa. Huwezi kudumu hivyo kwa kukamua kila siku.

Na suala la "mwili unazoea" limechunguzwa. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliangalia wanamichezo wa juu wa michezo ya ustahimilivu, wapiga makasia, waendesha baiskeli, wakimbiaji, akaona takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi na asilimia 20 ndiyo magumu. Hao ndio wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mimi na wewe mara nyingi tumeigeuza, tunafanya asilimia 80 ngumu kiasi.

Ila naomba tusichanganye. Wao wanakimbia mepesi mengi kwa sababu wana kilomita nyingi za kujaza kwenye wiki. Mtu wa kilomita 25 kwa wiki hana cha kujaza. Yeye siku zake zilizobaki ni za kupumzika, na si aibu.

#4 Mchangiaji, Temeke

Naunga mkono, na nina la kuongeza kutoka kwenye jogingi zetu za mtaani.

Jumamosi alfajiri tunatoka kama kundi, jezi za klabu, kiongozi mbele anaimba na sisi tunaitikia. Mtu wa nje akituona anadhani ni kelele tu. Lakini wimbo ule ndio unaotupimia mwendo. Kiongozi akiona sauti ya nyuma inakatika, anaita jina la mstari wa nyuma na kupunguza hatua mpaka sauti irudi. Sisi ndani tunamwambia mgeni hivi: ukishindwa kuitikia ubeti mzima, umezidisha. Hakuna anayetazama saa.

Nimewahi kukimbia na watu wa Masaki wenye saa za bei, nikaona wanahema njia nzima halafu wanasema leo ni nyepesi. Nikawaambia imbeni. Wakaimba mstari mmoja.

Shida yetu sisi iko kwingine: mabonanza. Klabu ikialikwa Mbagala Jumamosi na Kigamboni Jumapili, vijana wanakwenda zote mbili, na mbele kule kuna wanaotaka kuonyesha klabu yao ni imara. Hapo wimbo unasahaulika.

#5 Mleta uzi

Kaka wa Temeke, umesema kitu ambacho wataalamu wanaandika kurasa nyingi kukieleza. Kama unaweza kusema sentensi ndefu bila kukata pumzi, uko kwenye nyepesi. Ukianza kusema maneno matatu matatu, umeshatoka. Kipimo hiki hakihitaji chaji, na kwa hali ya hewa yetu kina faida moja kubwa: kinajirekebisha chenyewe. Februari Dar, unyevu uko juu, moyo unapiga haraka kwa mwendo uleule uliokuwa rahisi mwezi wa saba, kwa sababu damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Mwenye kung'ang'ania 6:30 yake ya Julai atakuwa anakimbia mbio ngumu bila kujua. Mwenye kuimba atapunguza tu.

Kuhusu mabonanza: chagueni moja. Jumapili mwende kushangilia, mtembee, mnywe madafu.

#6 Mchangiaji, Mwanza

Habari za jioni wote. Mimi ni nesi, nafanya zamu. Ratiba zote ninazoziona mtandaoni zinasema Jumanne kasi, Jumapili ndefu. Kwangu Jumanne inaweza kuwa usiku wa pili wa zamu mfululizo. Nikitoka saa mbili asubuhi, niko macho, mwili umechoka lakini kichwa kinakataa kulala, ndipo nakimbia kilomita 5 ili nichoke vizuri. Je, hizo zihesabiwe nyepesi?

#7 Mleta uzi

Pole kwa kazi dada, na asanteni kwa mnayotufanyia huko wodini.

Hapana, usizihesabu nyepesi. Usiku usiolala unafanya mwendo wowote uwe mzito kuliko ulivyo. Umesimama wodini kwa masaa kumi au kumi na mawili, umebeba, umeinama. Ukikimbia asubuhi ile unaongeza mzigo na kuchelewesha usingizi, ambao ndio ungekutengeneza. Kama kichwa kinakataa kulala, tembea dakika 20 taratibu kuelekea nyumbani kama kuna usalama, kula, funga pazia.

Halafu iache wiki ya Jumatatu hadi Jumapili. Panga kwa kufuata zamu. Siku ya kwanza na ya pili baada ya zamu za usiku ni za kulala na kutembea. Ukisharudi kwenye zamu za asubuhi, weka mbio ngumu moja na ndefu moja, zitengane kwa siku mbili. Ikiwa mzunguko wako ni wa siku kumi, basi "wiki" yako ya mbio ina siku kumi. Mwili haujui kama leo ni Jumapili.

#8 Mchangiaji, Morogoro

Vijana, hamjambo. Nina miaka 61, nilistaafu, nimeanza kukimbia baada ya daktari kunishauri nipunguze uzito. Natumia dawa za presha. Mwanangu ameninunulia saa inayoonyesha mapigo ya moyo, inaniambia niko "eneo la kwanza", yaani la mwendo mwepesi kabisa, hata nikiwa nahema sana. Nikimbie siku ngapi, na nipumzike ngapi?

#9 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu.

Saa ile haina kosa, ila haijui unatumia dawa. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na ndugu zake, zinazuia mapigo yasipande. Kwa hiyo kanuni ya kawaida ya makadirio, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwako ingetoa kilele cha mapigo 165 hivi, haikufai. Ukifuata namba utajikamua ukidhani unatembea. Tumia mazungumzo, kama alivyosema kaka wa Temeke. Na umuulize daktari wako dawa yako ni ya kundi gani, na kama amekuruhusu kukimbia au kutembea haraka tu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla, simama hapo hapo na uende hospitali.

Siku: tatu kwa wiki, na baina yake siku nzima bila kukimbia. Kano na misuli ya mtu wa miaka 60 hurudi polepole kuliko ya kijana, basi wewe ndiye mwenye haki ya kupumzika kuliko sisi wote. Siku zile za katikati tembea Morogoro yako ile yenye kivuli, panda ngazi, lima bustani. Na katika zile tatu changanya kukimbia dakika 3, kutembea dakika 2.

Nikupe na historia kidogo mzee. Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, ndiye aliyeeneza Marekani utaratibu wa siku ngumu kufuatwa na siku nyepesi. Mwaka 1962 alikwenda New Zealand kwa kocha Arthur Lydiard, akaalikwa kukimbia taratibu na watu wa kawaida wa Auckland. Alikuwa na miaka 50 na kitu, akidhani yuko vizuri. Kundi likamwacha, akabaki nyuma na mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa ameshaugua moyo, na yule mzee ndiye aliyekuwa anamsubiri yeye. Aliporudi Oregon akaanza kuwakusanya wananchi wakimbie polepole. Kwa hiyo mwendo wako una heshima yake.

#10 Mchangiaji, Iten

Hamjambo wadau wa Tanzania. Nafuatilia hii uzi nikiwa Iten, kazi yangu ni ya hoteli ndogo ambapo wakimbiaji hulala, na mimi mwenyewe hukimbia.

Mleta uzi amesema ukweli kuhusu mwendo. Siku za pole pole kundi huanza saa kumi na mbili asubuhi, na kilomita ya kwanza hata mama anayeenda sokoni anaweza kufuata. Hakuna anayekimbizana. Kijana mgeni akianza kuvuta mbele anaambiwa arudi, ngoja kesho. Lakini kesho ikifika, Alhamisi ya fatleki (mbio za kubadilisha kasi na taratibu), hapo hakuna huruma. Hiyo tofauti ndiyo wageni hawaelewi. Wanakuja kutoka Ulaya, wanafika huku mita 2,400 hewa ikiwa nyepesi, wanashindwa kwenye fatleki, halafu Ijumaa wanakimbia kwa hasira ili wajisikie vizuri. Wiki ya pili wako kwa kitanda na homa.

Na Jumapili wengi hawakimbii kabisa. Ni kanisa, familia, mtu anaenda kuona ng'ombe wake nyumbani. Kuna wengine hukimbia asubuhi mapema kabla ya ibada, ni sawa pia. Lakini mkimbiaji anayeulizwa kwa nini hajakimbia Jumapili hajisikii vibaya. Mchana ukipita kwa kambi ni kimya, watu wamelala.

Moja tu ya kuongeza: kula. Naona watu wanapumzika na hawali kwa sababu "leo sijakimbia". Hapo ndipo ugali unafanya kazi.

#11 Mleta uzi

Asante sana ndugu wa Iten. Hilo la kula siku ya mapumziko naomba watu walisome mara mbili, na linanipeleka kwa dada aliyenitumia ujumbe faraghani na kuniruhusu nijibu hapa bila kumtaja.

Dada huyu anakimbia karibu kila siku, anapunguza uzito, hedhi imekosekana kwa miezi kadhaa, anajisikia baridi na amechoka, na ugoko mmoja unamuuma. Anauliza aongeze siku moja ya kupumzika au mbili.

Dada yangu, hapa tatizo halimalizwi na ratiba. Hedhi ikikatika kwa mkimbiaji ambaye si mjamzito, mara nyingi mwili hauna chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha, na unaanza kuzima mambo. Homoni ya estrojeni ikishuka mifupa inadhoofika. Nenda hospitali, mweleze daktari yote mawili pamoja, hedhi na ugoko, wapime na damu. Mpaka uonwe, usikimbie.

Kuhusu ugoko wenyewe, kwa wote: pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko. Maumivu yakisambaa kwa urefu wa kiganja hivi na kupungua ukishapata joto, kawaida ni tishu za juu ya mfupa, punguza na itatulia. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, ukirukaruka kwa mguu mmoja yanachoma, au yanakuamsha usiku, huenda ni ufa kwenye mfupa. Hapo usikimbie hata mbio nyepesi. Na picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa huo, kwa hiyo usifurahie picha safi kama maumivu yapo palepale. Rudi kwa daktari.

#12 Mchangiaji, Unguja

Asalaam alaykum. Mada nzuri sana. Mimi nauliza kuhusu Ramadhani. Kuna wenzangu wanaacha mwezi mzima, na kuna wanaokimbia baada ya alasiri na koo limekauka. Mimi sitaki kupoteza nilichokijenga, wala sitaki kuharibu swaumu yangu.

#13 Mleta uzi

Waalaykum salaam. Mwezi ule ufanye kuwa wa mbio nyepesi na mapumziko pekee. Ondoa kasi, ondoa mbio ndefu. Siku tatu kwa wiki, dakika 25 au 30. Wenzetu wengi wanaona nyakati mbili zinafaa: nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili ukimaliza unafuturu palepale na maji yanakupata mara moja; au baada ya tarawehe, ukiwa umeshakunywa na kula kidogo. Baada ya alasiri na jua la Unguja, hapana. Usingizi nao unakatwa na daku, kwa hiyo siku uliyolala vibaya iache ipite.

Kuhusu kupoteza: wiki nzima bila kukimbia haikupunguzii kitu cha maana. Kushuka kunaanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi za kukaa kabisa, na wewe hutakuwa umekaa kabisa. Baada ya Idi anza na wiki moja nyepesi ndipo urudishe kasi.

#14 Mchangiaji, Moshi

Niwape angalizo la huku kwetu. Watu wa Dar wanakuja na miguu ya tambarare halafu wanakutana na kupanda kwa barabara ya Mweka. Wengi wakishaogopa kilima wanaanza kukimbia vilima kila siku wiki ya mwisho! Nawaona Ijumaa kabla ya mashindano wanapanda na kushuka. Vilima fanyeni mwezi mmoja au miwili kabla, mara moja kwa wiki, na kesho yake pumzikeni kabisa, kwa sababu kushuka ndiko kunakoharibu mapaja kuliko kupanda. Ukiona unashuka ngazi kwa kujishika ukutani, siku hiyo hakuna mbio nyepesi.

#15 Mchangiaji, Tabora

Mleta mada, nimesoma yote. Sijakubali kila kitu lakini naomba nikupe ratiba yangu uikague. Umri 38, kazi ya kukaa, nimekimbia mwaka mmoja na kidogo, 21 yangu bora ni 2:06. Jumatatu kilomita 6, Jumanne 8, Jumatano 6, Alhamisi 8, Ijumaa 5, Jumamosi mapumziko, Jumapili 14. Zote kwa 6:00 hadi 6:15, isipokuwa Jumapili 6:30. Ugoko wa kulia unauma kwa mbali asubuhi, maumivu yamesambaa si sehemu moja. Muda wangu haujashuka tangu Mei.

#16 Mleta uzi

Mkuu, asante kwa kuweka wazi, itawasaidia wengi.

2:06 ni mwendo wa 5:58 kwa kilomita. Yaani siku tano kwa wiki unakimbia karibu kabisa na mwendo wako wa mashindano. Ndiyo maana muda umesimama: huna siku uliyo na nguvu za kwenda kasi kuliko hapo.

Kwa wiki tatu zijazo fanya hivi. Jumatatu usikimbie. Jumanne kilomita 6 kwa 7:15, na ukiona umeshuka chini ya dakika 7, tembea mpaka utulie. Jumatano usikimbie; kwa kuwa kazi yako ni ya kukaa, tembea nusu saa jioni na fanya kuinua visigino kwenye ngazi, seti tatu, vigimbi vikiwa imara vinaupunguzia ugoko mzigo. Alhamisi ndiyo siku yako ngumu ya pekee: kilomita 2 taratibu, halafu dakika 3 kwa 5:30 na dakika 2 za kutembea, mara tano, kisha kilomita 1 ya kupoa. Lakini hiyo Alhamisi ianze wiki ya pili, na tu kama ugoko umetulia; wiki ya kwanza weka 5 nyepesi. Ijumaa na Jumamosi, pumzika. Jumapili 12 kwa 7:10, ongeza kilomita moja kila wiki.

Utaona kilomita zimeshuka kutoka 47 hadi kwenye 25 hivi. Itakukera. Wiki ya nne, ugoko ukiwa kimya, Jumamosi tutaongeza kilomita 4 nyepesi, na hiyo ndiyo itakuwa mbio ya kwanza kuchukua nafasi ya mapumziko. Tutaiangalia wiki mbili au tatu kabla ya kuongeza nyingine. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani pima mapigo kwa dakika moja na uandike. Ukizoea 58 halafu siku mbili mfululizo unaona 66, na usingizi mbaya, na hamu ya chakula imepungua, siku hiyo geuza mbio kuwa mapumziko bila kuuliza mtu. Ukiwa na homa usikimbie kabisa, nenda ukapime malaria.

#17 Mchangiaji, Tabora

Sawa mkuu, nitajaribu hizo wiki tatu. Swali la mwisho: Jumapili hii nina msiba kijijini. Ile 12 niihamishie Jumatatu?

#18 Mleta uzi

Poleni sana kwa msiba.

Usiihamishe. Safari, kukesha, kuchimba kaburi, hayo yote mwili umeyabeba. Jumatatu baki kwenye mapumziko, Jumanne ukimbie zile 6 kama umelala usiku mmoja mzima, la sivyo zisogee Jumatano. Jumapili inayofuata ndiyo ufanye 12 ileile, usiruke kwenda 13. Ukirudi tuandikie hapa hali ya ugoko.